Kumsafirisha paka wa miezi mitatu kwa gari kutoka Tanga hadi Bagamoyo: naomba ushauri

Binti wa Ngamiani

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwishoni mwa mwezi huu familia yetu inahamia Bagamoyo, kwa kuwa mume wangu amehamishiwa huko kikazi. Vyombo vitatangulia kwa lori, na sisi wenyewe tutafuata kwa gari letu dogo kwa njia ya Muheza, Segera na Msata. Mambo mengine yote yamekwishapangika. Anayetutia mashaka ni Dagaa, paka jike wa miezi mitatu, ambaye binti yangu alimwokota kule Deep Sea wavuvi wanakoshushia samaki, na ambaye mwanangu huyo amekwisha kuapa kwamba bila yeye hapandi gari.

Juzi tulimchukua kwenda naye Mabawa kwa shangazi, mwendo ambao hata dakika ishirini haufiki, ili tuone atakavyokuwa. Alianza kulia injini ilipowashwa, akawa anajilamba midomo na kudondosha mate hadi kanga aliyofunikwa ikalowa, kisha akatapika, na mwishowe akaponyoka mikononi mwa mtoto na kujipenyeza chini ya kiti cha dereva, karibu kabisa na pedali. Mume wangu alisimamisha gari kando ya barabara, tukamtoa kwa kumvuta polepole, na tangu hapo anasema kuwa hawezi kuendesha hadi Bagamoyo katika hali ile.

Ushauri ninaoupata hapa mtaani unapingana. Jirani yangu anasema nimpe robo ya kidonge cha mafua kile kinacholeta usingizi, naye atalala mpaka tufike. Mama mkwe wangu kwa upande wake hataki kabisa kusikia habari ya kumfungia paka ndani ya kitu chochote, kwa kuwa anaona ni dhuluma kwa kiumbe na dhambi kwetu. Mimi nilikuwa nimefikiria katoni ya biskuti iliyotobolewa matundu. Naomba walio na ujuzi wanieleze: afungiwe au asifungiwe, ale au asile kabla ya safari, na je, ni heri tuondoke alfajiri au usiku?

Msafiri wa Segera

Pole, dada, na hongera kwa uhamisho. Mimi husafiri na paka wangu mara kwa mara kati ya Tanga na Korogwe, naye hukaa mapajani mwa mke wangu safari nzima akiangalia nje kama abiria mwingine yeyote. Nadhani tatizo la Dagaa ni ugeni tu. Mpakateni, mzungumzisheni, naye atazoea kabla hamjafika Muheza. Kuhusu katoni sina hakika nayo, kwa maana ikilowa mkojo kitako chake kinaachia.

Fundi wa Chumbageni

Kwa heshima zote, kaka Msafiri, ushauri wa kumpakata unaweza kumfaa paka mzima aliyekwisha kuzoea gari, lakini paka huyu amekwisha kuonyesha mahali anapokimbilia akishikwa na hofu, napo ni chini ya pedali. Paka wa umri huo ana uzito wa kilo moja na kitu tu, anapenya mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupenyi, na akijibana nyuma ya pedali ya breki wakati gari liko mwendo kasi pale Kabuku au Mkata, dereva hatakuwa na nafasi ya kusimama kando na kumtoa polepole kama ilivyokuwa Mabawa. Afungiwe.

Katoni isitumike, na sababu aliyoitoa kaka hapo juu inatosha. Kinachofaa ni kizimba cha plastiki ngumu chenye mlango wa waya, kile ambacho sehemu ya juu na ya chini zinaachana, kwa kuwa mkifika kwa daktari mnaweza kuondoa kifuniko bila kumvuta mnyama kupitia mlangoni. Kikikosekana, tenga imara la ukindu au la fito lenye kifuniko linafaa, mradi kifuniko kifungwe kwa kamba pande zote mbili na si kuegemezwa tu. Ukubwa wake uwe wa kumwezesha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Watu wengi hununua kikubwa kupita kiasi wakidhani wanamtendea wema, kumbe katika kila kona anateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sasa nieleze mahali pa kukiweka, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kisiwekwe kiti cha mbele, kwa sababu mfuko wa hewa ukifumuka utakisukuma kwa nguvu kubwa. Kisiwekwe nyuma kwenye buti la gari dogo, ambako hewa haifiki. Na kile kitendo cha kupitisha mkanda wa kiti kwenye mpini wa juu wa kizimba kinapendeza machoni tu, kwani vizimba vingi havikuundwa kubebwa na mkanda, na breki kali inaweza kuuvunja mpini au kukiponda kizimba chenyewe. Mahali salama zaidi ni sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele: kiweke pale, kisha rudisha kiti nyuma taratibu hadi kikibane kizimba pasipo kukikandamiza. Pale chini mtikisiko nao ni mdogo kuliko juu ya kiti.

Kwa safari yenu ningechagua nyuma ya dereva. Mkitoka asubuhi, kuanzia Segera hadi Msata mnaelekea kusini, kwa hiyo jua litakuwa upande wenu wa kushoto. Upande wa dereva ndio utakaokuwa na kivuli. Mtoto naye akae kiti cha nyuma upande wa kushoto, akiwa amefunga mkanda, ambako anaweza kumwona paka wake na kumsemesha bila kufungua mlango wa kizimba. Hilo la kutofungua mlango mwambieni mapema na mumwambie kwa mkazo.

Kinachowatapisha paka hasa ni kuruka matuta na kufunga breki za ghafla. Kati ya Segera na Msata kuna vijiji vingi vyenye matuta na alama za kilomita 50 kwa saa, na kuna mteremko na kona za bonde la Wami. Dereva aachie mafuta mapema kabla ya tuta, asisubiri kulikaribia ndipo akanyage.

Daktari wa Mifugo, mstaafu

Mwanangu Binti wa Ngamiani, nimesoma swali lako kwa makini, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kumpa kidonge hicho. Usimpe. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuvunjavunja dawa nyingi ambazo mwili wa binadamu huzimudu, na vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa madukani vimechanganywa na paracetamol, ambayo kwa paka ni sumu: huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, na paka mdogo anaweza kufa kwa kipande ambacho mtoto wa binadamu angekimeza bila dhara. Hata kile cha usingizi peke yake, kisicho na paracetamol, si cha kukadiria nyumbani kwa robo na nusu. Zipo dawa za kuzuia kutapika safarini, maarufu ikiwa ni maropitanti, lakini hiyo imeidhinishwa kwa paka kuanzia wiki 16, na huyu wako hajafika.

Habari njema ni kwamba huenda asihitaji dawa yoyote. Kudondosha mate, kujilamba midomo na kutapika ni dalili za kichefuchefu kinachotokana na sikio la ndani, ambalo linapokea taarifa ya mwendo huku macho yakiona mambo mengine, na kwa wanyama wachanga hali hiyo huwa kali zaidi na mara nyingi hupungua wakikua. Juu ya kichefuchefu hicho Dagaa alikuwa na hofu, kwa kuwa gari, mngurumo na mikono iliyomkaza vilimjia vyote kwa mpigo mmoja. Hofu ndiyo sehemu mnayoweza kuitibu wenyewe, na dawa yake ni siku zilizobaki kabla ya safari.

Kizimba kipatikane leo au kesho, si siku ya kuondoka. Kiwekeni pale anapopenda kulala, mlango ukiwa wazi au umeondolewa kabisa, na ndani mtandike kanga au fulana iliyovaliwa na binti yako na ambayo haijafuliwa, kwa maana harufu ya mtu anayemjua humtuliza kuliko maneno. Chakula chake cha jioni kiwekwe mlangoni mwa kizimba, kesho yake ndani kidogo, kisha ndani kabisa. Msimsukume. Akiwa anaingia mwenyewe, funga mlango kwa muda mfupi akila, ufungue kabla hajaanza kulalamika. Akizoea hapo, mpelekeni na kizimba chake ndani ya gari lililozimwa, baadaye gari lililowashwa bila kuondoka, kisha mzunguko mfupi hadi Raskazoni na kurudi, na kila mara apate kitu anachokipenda akishafika nyumbani. Mkiona ameanza tena kudondosha mate, rudini hatua moja nyuma na mkae hapo siku moja au mbili.

Kuhusu chakula, paka mzima tungemnyima tangu usiku wa manane, lakini huyu ni mchanga, na kumfungisha kwa saa nyingi kunaweza kuishusha sukari ya damu yake akalegea na kutetemeka. Mpe mlo mdogo, nusu ya kawaida yake, kama saa tatu kabla ya kuondoka. Kiwe chakula kile kile alichokizoea, na tafadhali msimpe maziwa ya ng'ombe kwa kumhurumia, kwa kuwa paka wengi walioachishwa kunyonya huharishwa nayo. Maji asinyimwe, mpeni kidogo kila mnaposimama, bakuli lisiachwe ndani likamwagika.

Sasa jambo ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya yote, ingawa hukuliuliza. Kulia kwa paka kunawaumiza ninyi zaidi kuliko yeye. Anaweza kulia kutoka Muheza hadi Mkata na asipatwe na lolote. Joto ndilo linaloua. Paka hatoki jasho mwilini isipokuwa kidogo kwenye nyayo, na joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla hajafika kwenye hatari. Gari lililoegeshwa juani likiwa limefungwa hupanda takriban nyuzi kumi ndani ya dakika kumi tu, na madirisha yaliyoachwa wazi kidogo hayapunguzi sana. Mnaposimama sheli au kula, mmoja wenu abaki garini kiyoyozi kikifanya kazi, au mbebeni na kizimba chake mkae naye kivulini. Mkiona anahema mdomo wazi kama mbwa, ulimi umekuwa mwekundu sana, au analegea, simameni, mlowesheni maji ya kawaida miguuni, tumboni na masikioni, mpepeeni, na mtafute daktari aliye karibu. Maji ya barafu hayafai, kwa kuwa hubana mishipa ya ngozi na joto likabaki ndani.

Kwa sababu hiyo hiyo ondokeni baada ya swala ya alfajiri, ili sehemu kubwa ya njia iishe jua likiwa bado dogo. Usiku sikushauri, kwa ajili ya malori na kwa ajili yenu.

Ana miezi mitatu: umri huo ndio wa kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpelekeni wiki hii apate chanjo, dawa ya minyoo, na achunguzwe masikio. Kinga ya chanjo hiyo huchukua takriban wiki tatu kukamilika, kwa hiyo msingoje mpaka mfike. Hapo hapo ofisi ya mifugo ulizeni utaratibu wa kibali cha kumtoa mnyama mkoa mmoja hadi mwingine, na kadi ya chanjo ikae garini pamoja na karatasi za gari. Na kama ana viroboto, msimpake dawa ya mbwa. Nyingi zina permethrini, nayo ni sumu kwa paka.

Mwanachuo wa Pangani

Shikamoo daktari. Naomba niseme neno moja kuhusu hoja ya mama mkwe, kwa sababu naona wote wameipita, na katika nyumba zetu hoja ya namna hiyo haimalizwi kwa kuambiwa kuwa mkwe hajui.

Bila shaka mama anaikumbuka hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Lakini hadithi yenyewe inataja kosa lake kwa ukamilifu: alimfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumnywesha alipokuwa amemfunga, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Lawama imekaa juu ya kumfungia pamoja na kumnyima. Mnyama aliyewekwa ndani ya tenga pana kwa saa chache ili asikanyagwe na asiwasababishie watu ajali, huku akipewa maji na kivuli, hali yake si ile. Mama akielezwa hivyo kwa upole, na hasa akiombwa yeye ndiye achague kanga ya kumtandikia, nadhani atakuwa wa kwanza kumtetea Dagaa asitolewe njiani.

Mama Chunda wa Makorora

Nyongeza ndogo kutoka kwa mtu ambaye nyumba yake haijawahi kukosa paka. Ndani ya kizimba, juu ya kanga, tandikeni gazeti au kitambaa kinachonyonya, na mchukue akiba ya vitambaa viwili vitatu katika mfuko pamoja na mfuko mtupu wa vichafu, kwa sababu akitapika au akijikojolea hamtaki afike Bagamoyo amelowa na kunuka. Chukueni pia beseni dogo na maranda kutoka kwa seremala, au mchanga ule ule aliouzoea. Mkisimama baada ya saa mbili au tatu, fungeni kwanza milango na vioo vyote vya gari, ndipo mfungue kizimba na kumwekea beseni sakafuni. Wengine watakwambia umtoe nje kwenye majani ajisaidie. Paka aliyeogopa akipata upenyo pale Segera penye malori na honi, hamtamwona tena. Asipojisaidia msihangaike, wengi hujizuia mpaka wafike.

Kizimba kifunikeni kwa kanga nyepesi pande tatu, mkiacha upande wa mlango kwa ajili ya hewa. Asipoona miti inayokimbia, kichefuchefu nacho hupungua.

Jambo la mwisho mtaliona dogo, lakini mimi limenisumbua. Mkipita Muheza na Michungwani msimu wa machungwa, najua hakuna mtu wa Tanga anayeweza kwenda ugenini mikono mitupu, mtanunua kiroba. Kiwekeni kwenye buti. Paka wengi huichukia harufu ya maganda ya machungwa na ndimu, na mafuta ya maganda hayo hayafai kwao, sasa fikiria kiumbe aliyefungiwa karibu na kiroba kizima ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa. Vile vining'inio vya manukato vya kwenye kioo cha mbele navyo viondoeni siku mbili kabla.

Msafiri wa Segera

Nakubali kuhusu pedali, fundi. Wangu ni paka wa miaka saba na alianza safari akiwa amezeeka kidogo. Sikulitazama suala la umri. Hata hivyo nasisitiza kwamba mtu wa kumsemesha ni muhimu, hata kama anamsemesha kupitia waya.

Binti wa Ngamiani

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo daktari. Kizimba tumekipata leo, cha mkono wa pili, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na sungura. Nimekiosha kwa maji na sabuni na kukianika. Mama mkwe alisomewa maelezo ya Mwanachuo neno kwa neno, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kama ni hivyo basi mto wa kulalia atashona yeye. Dagaa amekwisha kuingia mara moja kunusa na kutoka.

Yamebaki mawili. Mume wangu amesikia kwamba njia ya pwani ya kupitia Pangani na Saadani ni fupi zaidi kwenda Bagamoyo, je, itatufaa? Na tukishafika, tumwachie lini atoke nje? Nyumba tutakayopanga iko karibu na Mji Mkongwe, na nimeambiwa kuna paka wengi wa mitaani.

Fundi wa Chumbageni

Kwa safari hii bakieni kwenye lami ya Segera. Njia ya pwani inavuka Mto Pangani, na kama ni kwa kivuko mnaweza kusubiri juani, na ukiingia eneo la Hifadhi ya Taifa ya Saadani kumbuka kwamba wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi hifadhini. Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami, na kufikia hapo Dagaa atakuwa amelala au amechoka kulia.

Daktari wa Mifugo, mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mkifika, msimwachie nyumba nzima. Chagueni chumba kimoja, tuseme cha binti yako, mfunge madirisha yasiyo na nyavu, muweke beseni la mchanga pembe moja na chakula pembe nyingine, na kizimba kibaki wazi katikati kikiwa na kanga ile ile bila kufuliwa. Anaweza kukaa chini ya kitanda siku nzima asile; mwacheni, lakini akipitisha siku nzima bila kula kabisa katika umri huo, mpelekeni kwa daktari. Akianza kula na kucheza, mfungulieni chumba cha pili, na hivyo hivyo.

Nje asitoke kabla ya wiki tatu, kwa sababu paka aliyehamishwa akiachwa mapema huondoka kutafuta makazi ya zamani. Kwa hali ya Bagamoyo uliyoieleza ningengoja zaidi ya hapo, hadi akamilishe chanjo zake, ikiwemo ya homa ya matumbo ya paka ambayo huenea kwa kinyesi na huua wachanga kwa haraka, na hadi afungwe uzazi, kwani paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu. Ulizia huduma hiyo mapema kwa daktari wa huko, na ikikosekana karibu, Dar es Salaam si mbali, naye kufikia wakati huo atakuwa amekwisha kulizoea gari.